Pumzi ya Wasiwasi na Pumzi ya Vipumbaza

Vipumbaza ni dawa na vileo vinavyopunguza kasi ya kazi za ubongo, kama vile diazepamu, heroini na pombe, na shida ya kupumua inayoletwa navyo ni kinyume kabisa cha ile inayoletwa na wasiwasi, ingawa mara nyingi zote mbili humpata mtu yule yule.

Pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo kuna kituo kinachopima kabonidayoksaidi iliyomo katika damu na kuiamuru misuli ya kifua ifanye kazi, ndiyo sababu mtu mzima aliyetulia hupumua takriban mara 12 hadi 20 kwa dakika bila kukumbuka. Wasiwasi unapozidi, mtu huhema haraka hadi gesi hiyo ikapungua mno, ndipo vidole hufa ganzi, kichwa humzunguka na kifua humbana, akasadiki kwamba hewa imemwishia ilhali anayo tele. Mateso hayo ni ya kweli wala hayastahili kubezwa, na yakimpata mtu kwa mara ya kwanza ni lazima apimwe, kwa kuwa pumu na maradhi ya moyo nayo hubana kifua.

Heroini, ambayo Mombasa na Unguja huitwa unga, hukifanya kituo kile kisiitikie kabonidayoksaidi hata inapolundikana, hivyo pumzi hufifia bila mwenyewe kuhisi dhiki. Diazepamu peke yake, kwa kipimo cha daktari, ni nadra kuikatisha pumzi ya mtu mzima mwenye afya; hatari hukua ikichanganywa na unga au pombe, na mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali liandikwe kuhusu kuchanganya dawa za kundi lake na zile za jamii ya afyuni, ambamo heroini nayo imo.

Wa kuhofiwa zaidi, basi, ni yule aliyenyamaza, anayekoroma kwa mkoromo mzito wenye vituo virefu, midomo imebadilika rangi, huku wenzake wakisema aachwe alale. Huyo huitiwa msaada wa hospitali papo hapo, hulazwa ubavu ili matapishi yasimkabe, na pumzi ikikoma hupuliziwa kinywani. Dawa iitwayo naloksoni huuzuia unga, lakini haizuii diazepamu wala pombe.

Aliyeizoea diazepamu naye asiikatishe ghafla, maana wasiwasi humrudia kwa nguvu na degedege huweza kufuata. Kipimo hupunguzwa kidogo kidogo na daktari, kwa wiki au hata miezi.