Gogo Chini ya Gari

Somo letu latoka katika Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, mlango wa 22. Mwenye Biblia na aifungue, na aliye jikoni akikoroga uji na asikilize tu.

Gari la mizigo la parishi yetu lilivunjika springi ya nyuma. Wanaozijua barabara zetu za murram hawatauliza kwa nini, ingawa ni kweli tulikuwa tumelipakia mchanga kupita kiasi. Fundi wa mjini akataja bei, wazee wa kanisa wakatazamana, tukaamua kuibadilisha wenyewe, uani kwetu. Ilikuwa Jumamosi, na kesho yake Askofu alikuwa anakuja kwa ajili ya Kipaimara. Basi tulikuwa na haraka. Tuliomba, tena maombi marefu, kisha tukaweka jeki moja juu ya udongo uliolowa mvua ya usiku. Gurudumu tukalitoa, na kijana mmoja wa chama cha vijana akaingia chini.

Spana tuliyompa haikufaa. Akatoka kutafuta nyingine, na kabla hajarudi jeki ikazama, ikalala ubavu, na gari likashuka pale pale kilipokuwa kifua chake.

Jumapili tulitoa shukrani mbele ya kanisa, na watu wakapiga makofi. Baada ya ibada mama yake akatujia mlangoni pa vestri, akasema kwa upole, "Mchungaji, Mungu alimtoa mwanangu chini ya gari, nami namshukuru. Lakini ni nani aliyemwingiza?"

Hatukuwa na jibu. Mara ngapi tumehubiri habari za Ibilisi kumpandisha Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu, ili ajitupe chini na malaika wamdake! Tulikuwa tumemwomba Mungu awe lile gogo ambalo sisi tuliona uvivu kwenda kulichukua.

Ijumaa iliyofuata hatukufungua hata nati moja. Tulitayarisha tu. Gari tulilisukuma mpaka penye sakafu ya saruji, magurudumu ya mbele tukayazuia kwa mawe, mbele na nyuma. Tukaazima jeki ya pili kwa mwalimu jirani, maana moja huinua gari na nyingine hushika ekseli springi inapotoka. Tukakata magogo mawili ya mkaratusi, mafupi, manene, yaliyo sawa juu na chini, ya kukaa chini ya chesisi. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Nati zote tukazisugua kwa brashi ya waya, tukazitia mafuta na kuziacha zinywe usiku kucha, kwa kuwa nati yenye kutu ikilazimishwa hukata bolti.

Springi mpya tulinunua za pande zote mbili, ili gari lisiinamie upande uliochoka. Tukahesabu mabamba yake. Moja ilikuwa na 5, na zetu zina 6! Tukairudisha dukani kabla hawajafunga. Zile bolti zilizopindwa mfano wa herufi U tukanunua mpya pia, kwani za zamani zikishavutika hazikazi tena vizuri. Mzee mmoja alinung'unika kwamba siku nzima imekwisha na hakuna kilichofanyika.

Sasa mtazameni Daudi. Alikuwa amekatazwa kuijenga nyumba ya Bwana. Hata hivyo alikusanya mawe na mierezi, na chuma tele cha misumari ya milango na cha kuungia. Mfalme mzee anashughulika na misumari ya kazi ambayo macho yake hayataiona! Naye asema sababu: Sulemani mwanawe angali kijana mchanga. Aliyatayarisha yote kwa ajili ya yule atakayeingia kazini baada yake. Tulikuwa tumeisoma sura hii tangu chuoni, tukiipita mbio kwenda kwenye hekalu lenyewe.

Jumamosi asubuhi tulimwendea yule mama kwanza, kuomba ruhusa. Akaja mwenyewe. Akazunguka gari, akalipiga gogo teke, kisha la pili. Hayakutikisika. Akamwambia mwanawe, "Haya, ingia," naye akarudi shambani.

Na tuombe. Ee Bwana, twawakumbuka mbele zako walio chini ya magari asubuhi hii, katika karakana na kandokando ya barabara, na wale waliowatuma. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.