Pima Kabla ya Kusema

Vijana wenzangu wa Kitui na Makueni, kule Ikutha ardhi yetu ina chuma, na sumaku tumezichezea tangu utotoni. Zinavuta, zinasukuma. Je, nguvu hizo ni sawa?

Tusibishane, tupime. Bandika sumaku juu ya kikombe cha plastiki, iwe mbali na chuma cha mizani. Shika ya pili juu yake, umbali upime kwa rula. Andika gramu zilizopungua. Igeuze, umbali uleule, andika zilizoongezeka.

Zikiwa mbali, hesabu hukaribiana sana. Zikisogeana mno, mvuto huweza kuzidi, kwani zinazosukumana hudhoofishana kidogo.

Suratul Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuhakikisha habari. Ramadhan hii, ujumbe wa simu nao tuupime kabla ya kuusambaza.

Wabillahi tawfiq.