Kuchagua Bima ya Vyombo vya Nyumbani Iliyo ya Kuaminika

Maneno ya Katibu mbele ya Mkutano Mkuu wa kutimiza miaka kumi



Halmashauri imetutaka tuseme maneno machache katika siku hii ya furaha. Waliotutangulia kusema wamekwisha kueleza habari za kahawa, bei na mizani, nasi hatutazirudia. Twapenda kunena juu ya jambo lisiloonekana katika vitabu vya hesabu vya Chama Kikuu, walakini limo ndani ya nyumba ya kila mwanachama: vyombo vyake, na namna ya kuvikatia bima iliyo ya kuaminika.

Apitaye leo katika vijiji vyetu ataona mabadiliko. Mahali palipokuwa na nyumba ya miti na udongo, sasa pamesimama nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye bati na madirisha ya vioo. Na nyumba mpya huita vitu vipya: makochi, kabati, magodoro, jokofu, televisheni, cherehani, betri na paneli za umeme wa jua. Jasho la misimu mingi limekusanyika katika vyumba vitatu au vinne. Lakini nyumba hiyo imekuja na hatari ambazo wazee wetu hawakuzijua. Ziko waya za umeme zilizofungwa na fundi asiye na ujuzi. Uko mtungi wa gesi uliowekwa kando ya jiko la mkaa. Na yuko mwizi, ambaye zamani hakukuta la kuchukua ila jembe.

Twaijua habari ya mwanachama mwenzetu mmoja, ambaye jina lake hatutalitaja. Alijenga kwa mkopo wa benki, na benki ikamtaka aikatie nyumba bima ya moto, naye akaikata. Usiku mmoja moto ulianza katika waya za umeme, ukala sebule na vyumba viwili kabla majirani hawajauzima. Alipopeleka dai lake, kampuni ililipa gharama za paa, kuta na milango bila ubishi. Alipouliza juu ya vitanda, nguo, cherehani ya mkewe na vitabu vya watoto, alionyeshwa neno moja katika hati yake: “jengo”. Vyombo havikuwamo. Kampuni haikumdhulumu, maana ilitimiza ilichoahidi. Yeye ndiye aliyedhani kwamba nyumba na vilivyomo ni kitu kimoja. Jamaa ile ililala juu ya mikeka msimu mzima, chini ya paa jipya.

Hilo ndilo neno letu la leo: bima ni ahadi iliyoandikwa, na ahadi hiyo haizidi maandishi yake. Kwa hiyo bima ya kuaminika ni ile ambayo mwenye kuahidi anajulikana, maandishi yake yanaeleweka, na mali inayolindwa imetajwa kwa thamani yake ya kweli.

Wala bima si mgeni kwa wanaushirika. Mji wa London uliungua mwaka 1666, na katika miaka iliyofuata ndipo Waingereza walipoanzisha kampuni za bima ya moto. Ushirika wa Rochdale, ambao sote twautaja kuwa mama wa vyama vyetu, ulifungua duka lake mwaka 1844. Na mwaka 1867 wanaushirika wa nchi ile wakaunda kampuni yao wenyewe ya bima, hapo hapo Rochdale, ili kulinda maduka na mali za vyama. Msingi wake ni ule ule wa methali yetu: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Wengi hutoa kidogo kidogo, ili yule mmoja aliyefikwa na msiba asianguke peke yake.

Hapa kwetu, Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ndilo lililoshika kazi ya bima Tanzania Bara. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa kampuni za watu binafsi. Tangu hapo mkulima anaweza kuchagua, na mwenye kuchagua hana budi kujua achaguavyo. Tumeyapanga mambo ya kuangalia katika mafungu matano.

Kwanza, mwanachama aijue mali yake. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Aingie chumba kwa chumba na kuandika kila kitu, mwaka kilionunuliwa na bei yake. Stakabadhi za duka azitunze, na vitu vikubwa avipige picha kwa simu yake. Nakala ya orodha hiyo aiweke mbali na nyumba, kwa mfano katika ofisi ya chama chake cha msingi. Kwa maana orodha iliyoungua pamoja na kabati haimsaidii mtu.

Pili, aijue kampuni. Chini ya sheria ya mwaka 2009, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ndiyo itoayo leseni kwa kampuni, na kwa mawakala na madalali pia. Wakala akija nyumbani, aonyeshe leseni yake na kampuni anayoifanyia kazi. Ada ilipwe kwa kampuni kwa njia yenye stakabadhi, wala isiachwe mkononi mwa mtu kwa ahadi ya “nitakuletea hati kesho”. Hati ikitolewa, mwanachama aulize namna ya kuihakiki kwa Mamlaka, ili ajue kama ni ya kweli. Tena asiwaulize tu majirani waliokwisha kulipa ada. Awatafute waliokwisha kudai fidia. Mwenye kulipa hujua upole wa wakala. Mwenye kudai ndiye ajuaye tabia ya kampuni: alisubiri muda gani, aliombwa karatasi ngapi, na alilipwa kiasi gani. Ada iliyo ndogo kupita zote si kosa, ila ni sababu ya kusoma hati mara mbili.

Tatu, ausome mkataba, au asomewe na mtu amwaminiye. Na hapa twaomba mtusikilize kwa makini, maana ndipo wengi wanapojikwaa. Je, mkataba wataja vyombo vya ndani, au jengo peke yake? Wataja majanga gani: moto, radi, mafuriko, wizi? Mikataba mingi hulipa wizi pale tu ambapo mlango au dirisha limevunjwa. Aliyeacha mlango wazi hapati kitu. Uharibifu wa mchwa, panya na uchakavu wa kawaida aghalabu haulipwi. Fedha taslimu na vito huwekewa kikomo kidogo. Nyumba ikiachwa tupu kwa siku nyingi, mara nyingi zaidi ya 30, kinga ya wizi yaweza kusimama. Basi mwenye shamba la pili, ahamiaye huko na jamaa yake wakati wa mavuno, na aulize kabla ya kuondoka.

Liko na jambo lituhusulo sisi wakulima hasa. Magunia ya kahawa yaliyowekwa chumba cha nyuma, dawa za mimea, na mashine ya kumenya si vyombo vya nyumbani machoni pa kampuni. Hayo ni mali ya kazi, nayo yataka bima yake peke yake. Tena aulize atalipwa kwa thamani gani. Jokofu lililotumika miaka sita laweza kulipwa kwa bei ya jipya, au kwa bei iliyopunguzwa kwa sababu ya uchakavu. Ada za njia hizo mbili hazilingani. Mwisho aulize ni kiasi gani cha kila hasara atakachokibeba mwenyewe kabla kampuni haijalipa.

Nne, aitaje thamani kamili. Wako wanaopunguza thamani ili ada ipungue. Tutoe mfano. Vyombo vya mtu vina thamani ya shilingi 8,000,000, naye amevikatia bima kwa shilingi 4,000,000. Moto ukateketeza vyombo vya shilingi 3,000,000. Yeye husema, “Hasara yangu ni ndogo kuliko bima yangu, nitalipwa yote.” La hasha. Mkataba wenye sharti la uwiano husema kwamba aliyekata bima ya nusu ya mali yake hulipwa nusu ya hasara yake. Atapata shilingi 1,500,000, tena hapo itatolewa ile sehemu anayoibeba mwenyewe. Wala kuzidisha thamani hakumfaidii, maana atalipia ada ya mali asiyokuwa nayo, na fidia haitazidi hasara ya kweli.

Tano, aseme kweli. Mkataba wa bima umejengwa juu ya uaminifu wa pande zote mbili. Kama jiko lililoungana na nyumba limeezekwa kwa nyasi, kama chumba cha mbele ni duka, kama mafuta ya petroli huwekwa ndani, na aandike hivyo. Jambo lililofichwa siku ya kuomba ndilo litakaloibuka siku ya kudai. Wala asitie sahihi karatasi iliyo tupu ili wakala aijaze baadaye.

Na msiba ukitokea, kampuni iarifiwe mara moja, na polisi pia ikiwa ni wizi. Masalio ya moto yasitupwe kabla ya kukaguliwa, na nakala ya kila barua itunzwe. Kampuni ikikataa dai bila sababu ya haki, mwanachama asikae akinung’unika: aiandikie, na asiporidhika alipeleke shauri kwa Mamlaka au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa kwa kazi hiyo.

Wako watakaouliza, “Mwaka ukipita bila moto wala mwizi, ada yetu si imepotea?” Twawajibu kwamba tumlipapo mlinzi wa ghala, mwizi asipokuja hatumdai mlinzi aturudishie mshahara. Hata hivyo hatusemi kwamba kila mtu akate bima leo. Mwenye vyombo vichache na karo ya shule isiyolipwa, na alipe karo, atie komeo imara, na amwite fundi aliyesajiliwa azikague waya zake. Bima haizuii moto. Hulipa tu baada ya moto.

Sasa twafikia shauri ambalo Halmashauri yaleta mbele yenu. Yapendekezwa kwamba Chama Kikuu kiombe bei kwa maandishi kutoka kampuni kadhaa zenye leseni, kwa ajili ya mkataba mmoja wa wanachama wanaopenda, kwa maana wengi wakiomba pamoja husikilizwa kuliko mmoja. Walakini twaomba mkutano uweke masharti manne. Kila mwanachama awe na orodha na hati yake mwenyewe. Ada isikatwe katika malipo ya kahawa ila kwa sahihi ya mwanachama. Kiongozi yeyote asipokee ada mkononi, wala asipokee zawadi ya wakala. Na bei zote zilizoletwa zisomwe wazi katika mikutano ya vyama vya msingi, pamoja na mambo yasiyolipwa, si ada peke yake. Bila masharti hayo, ni heri shauri hili lisipite. Kwani chama kikikosea katika kuchagua, hasara haitakuwa ya nyumba moja.

Mabibi na mabwana, kwa miaka kumi tumejifunza kutazama mizani kabla ya kuachilia gunia. Desturi hiyo na ituongoze mbele ya hati ya bima: tuisome, tuipime, tuulize, ndipo tutie sahihi. Twaliacha shauri hili mikononi mwenu mlijadili na kulipigia kura.