Ulinzi wa Haki ya Kura Kuanzia Mashinani: Kitambulisho, Sajili na Fomu 34A nchini Kenya

Mjadala kuhusu haki ya kupiga kura nchini Kenya umezoea kuelekezwa mahali pawili: ukumbi wa Bomas jijini Nairobi, ambako matokeo ya urais hujumlishwa na kutangazwa, na Mahakama ya Juu, ambako matokeo hayo hupingwa. Mada hii inashikilia kwamba sehemu kubwa ya haki hiyo hupatikana au hupotea mapema zaidi, yaani katika ofisi ya usajili wa watu, katika sajili ya wapiga kura na katika darasa la shule ya msingi lililogeuzwa kituo cha kupigia kura, na kwamba katika ngazi hizo mlinzi wa kwanza ni mkazi wa mahali hapo.

Ibara ya 38 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila raia mtu mzima haki ya kuandikishwa kuwa mpiga kura, kupiga kura ya siri na kugombea uongozi, na ibara ya 83 inaagiza kwamba taratibu za kiutawala zimrahisishie raia anayestahiki kutumia haki hiyo, wala zisimnyime. Hata hivyo, asiye na kitambulisho cha taifa au pasipoti hawezi kuingizwa katika sajili, ambayo ndiyo orodha rasmi ya watu wanaoruhusiwa kupiga kura, na kwa hiyo afisa anayekataa kumpa mtu kitambulisho huwa amemnyima kura pia, ingawa hana uhusiano wowote na uchaguzi. Wamakonde wa Kwale walilijua jambo hili vizuri kuliko wanasheria wengi. Wazee wao walitoka Msumbiji enzi ya ukoloni kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, na vizazi vilivyofuata vilizaliwa Pwani ya Kenya bila kutambuliwa kuwa raia. Mwezi Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kwenda Nairobi kudai vitambulisho, wakapokewa na Rais Uhuru Kenyatta, ambaye aliagiza waandikishwe. Mapema mwaka 2017 wakaanza kupewa vitambulisho, na wengi wao wakapiga kura kwa mara ya kwanza Agosti mwaka huohuo. Jamii ya Wapemba wanaoishi Kwale na Kilifi ilisubiri hadi mwaka 2023 ndipo ikatambuliwa. Katika mifano hiyo miwili Katiba ilikuwa imekwisha kutoa ahadi yake, lakini ahadi hiyo haikutekelezwa mpaka wahusika wenyewe, wakisaidiwa na watetezi wa haki za binadamu, walipojipanga na kudai kwa miaka.

Kuna pia wenye vitambulisho ambao hawajiandikishi. Katika sajili ya mwaka 2022, iliyokuwa na wapiga kura 22,120,458, vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa asilimia 39.84, na idadi yao ilikuwa imeshuka ikilinganishwa na ya mwaka 2017. Ni rahisi kuwalaumu vijana kwa uvivu, na lawama hiyo husikika sana katika mikutano ya hadhara. Lakini kijana aliyeona uchaguzi mmoja baada ya mwingine ukiishia mahakamani ana haki ya kuuliza kura yake hulindwa na nani baada ya kutumbukizwa sandukuni.

Jibu la swali hilo linaanza na karatasi moja. Fomu 34A ni hati ambayo afisa msimamizi wa kituo huijaza mara baada ya kuhesabu kura za urais. Masanduku hufunguliwa mbele ya mawakala, yaani watu walioteuliwa na vyama au wagombea kulinda maslahi yao kituoni. Kila karatasi ya kura hukunjuliwa, jina lililotiwa alama likatajwa kwa sauti, na karatasi yenyewe ikaonyeshwa kwa waliopo. Fomu hurekodi idadi ya wapiga kura walioandikishwa, kura halali, kura zilizokataliwa na kura za kila mgombea, kisha afisa na mawakala hutia saini. Wakala asiyeridhika anaweza kukataa kutia saini na kueleza sababu, lakini kukataa kwake peke yake hakubatilishi matokeo. Mawakala hupewa nakala, nyingine hubandikwa mahali pa wazi kituoni, na picha ya fomu hutumwa kwa njia ya kielektroniki kwenye Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, ambayo itaitwa hapa Tume.

Uzito wa karatasi hiyo ulipatikana kwa gharama kubwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na machafuko yaliyoua zaidi ya watu 1,100, tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ilikuta kwamba ujumlishaji ulivurugika kiasi cha kutowezekana kumjua mshindi wa kweli. Miaka tisa baadaye, watetezi wa haki Maina Kiai, Khelef Khalifa na Tirop Kitur walikwenda mahakamani kupinga kanuni zilizoiruhusu Tume kuyahesabu matokeo yaliyotangazwa mashinani kuwa ya muda tu. Mnamo Juni 2017 Mahakama ya Rufani ilikubaliana nao kwamba matokeo yanayotangazwa na msimamizi wa uchaguzi wa eneobunge ni ya mwisho na hayawezi kubadilishwa Nairobi. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba Tume ilitangaza mshindi kabla ya kupokea Fomu 34A zote. Mwaka 2022 Tume ikaziweka fomu za vituo 46,229 hadharani kwenye mtandao, hata mwananchi mwenye simu akaweza kulinganisha picha iliyoko mtandaoni na karatasi iliyobandikwa kituoni kwake. Makamishna wanne kati ya saba wa Tume walipoyakana matokeo ya urais, mjadala ulikuwa na kitu cha kushika, na Mahakama ya Juu iliyaidhinisha matokeo hayo tarehe 5 Septemba.

Udhaifu uliobaki ni wa kibinadamu. Chama kilichotaka wakala mmoja katika kila kituo kilihitaji watu 46,229 mwaka 2022, wanaojua kusoma fomu, waliokula, walioahidiwa malipo na kulipwa kweli. Kwa kuwa Wakenya hupiga kura sita kwa siku moja, kuhesabu huendelea hadi usiku wa manane au alfajiri, na wakala mwenye njaa ni rahisi kuondoka mapema au kutia saini asichokisoma. Vyama hutumia fedha nyingi kwa helikopta na fulana kuliko kwa watu hawa, na hilo ni kosa la hesabu kabla ya kuwa kosa la kimaadili.

Tume yenyewe nayo haikuwa na makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, na wapiga kura wa eneobunge la Banissa, Kaunti ya Mandera, waliofiwa na mbunge wao Machi 2023, walikaa bila mwakilishi zaidi ya miaka miwili. Wananchi wa huko hawakuwa na kituo cha kulinda kwa sababu hapakuwa na uchaguzi.

Uchaguzi mkuu ujao umepangwa kikatiba kufanyika tarehe 10 Agosti 2027. Makundi ya kijamii, misikiti, makanisa na vyama vya wakulima na wavuvi yanaombwa kuanza sasa: kuwasindikiza wasio na vitambulisho hadi ofisi ya usajili, kuwahimiza wanachama kukagua majina yao kipindi cha ukaguzi wa sajili, na kuwapata katika kila kituo watu wawili au watatu watakaobaki mpaka fomu itakapobandikwa, waisome na kuipiga picha.