Mdhamini wa Podikasti Yuko Karibu



Mtayarishaji wa podikasti anayejitegemea hugharimia bando, kinasa sauti na saa za kuhariri kwa mfuko wake. Asipopata kipato, kipindi hukoma. Wadhamini wakubwa mara nyingi hulipa kwa hesabu ya kila wasikilizaji 1,000. Tuseme bei ni Sh 20,000: kipindi chenye wasikilizaji 300 huingiza Sh 6,000 tu. Lakini wasikilizaji hao wakiwa wakulima wa kata moja, kwa mwenye duka la pembejeo hao ndio wateja wenyewe. Hivyo mtayarishaji na aanzie kwa jirani: aandike ukurasa mmoja unaoeleza wasikilizaji ni nani, wako wangapi na kipindi hutoka siku gani, kisha apendekeze malipo ya mwezi kwa mkataba wa maandishi.

Hata hivyo, udhamini usinunue ukweli. Tangazo litajwe wazi kuwa ni tangazo. Mbegu bandia ikisifiwa kwa fedha, mkulima hupoteza msimu, na mtayarishaji hupoteza imani ya wasikilizaji, ambayo ndiyo mtaji wake mkuu.

Kwa upande wa vifaa, vijana walio katika kikundi kilichosajiliwa wanaweza kuomba mkopo usio na riba: katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri inayotengwa kwa mikopo, asilimia 4 ni ya vijana. Wamwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, na waulize TCRA masharti ya leseni kabla ya kurusha kipindi.

Chanda chema huvikwa pete.