Ukiinuka Kitini, Funga Skrini

Mazungumzo ya afisa wa TEHAMA wa kaunti kwa makarani, wahudumu wa afya na wasimamizi wa wadi katika mafunzo ya usalama wa data



Mtu akisikia afisa wa TEHAMA anakuja kuzungumza juu ya usalama, hungoja kusikia habari za wadukuzi wa ng'ambo. Leo hao tuwaache. Nataka tuzungumze juu ya kiti kitupu.

Fikirieni ofisi ya kaunti ndogo saa nne, chai imefika. Karani ameingia kwenye mfumo tangu asubuhi kwa nywila yake, na orodha ya waombaji wa basari iko wazi mbele yake. Anainuka kwenda kuchukua kikombe. Upande wa pili wa meza ameketi mwananchi aliyekuja kuulizia kibali cha biashara, na skrini imemwelekea. Mwanafunzi wa mafunzo ya nyanjani yuko meza ya jirani. Mhudumu wa usafi anapita na ndoo. Kwa dakika hizo kumi, kompyuta ile haina mwenyewe, lakini bado inatumia jina la mwenyewe.

Hapo ndipo penye shida. Nywila hukuuliza wewe ni nani mara moja tu, unapoingia. Baada ya hapo mashine haijui kama kiti kimebadilisha mtu. Risiti ikifutwa, jina la mwanafunzi likiondolewa na jingine kuwekwa, malipo yakiidhinishwa, mfumo huandika jina la aliyeingia, tarehe, saa na kilichofanywa. Mkaguzi akija baada ya miezi sita hatakuta mahali palipoandikwa "mtu fulani aliyepita". Atakuta jina lako.

Najua jibu ambalo wengi wenu mnalo moyoni, kwa sababu nimeambiwa mara nyingi: "Sisi hapa ni kama familia. Nikifunga skrini mwenzangu yuko hapo hapo, ataona simwamini." Ni hoja ya mtu muungwana, na siidharau. Katika ofisi zetu, kumfungia mwenzako kitu usoni ni kama kumnyima salamu. Lakini igeuzeni muitazame upande wa pili. Rekodi ikiharibiwa kwenye mashine iliyokuwa wazi, kila aliyekuwa chumbani ni mshukiwa. Na mnajua huanza kuhojiwa nani. Si mkuu wa idara. Ni mhudumu wa usafi, ni yule mwanafunzi, ni askari wa zamu. Karani aliyefunga skrini amewatoa wote hao kwenye orodha kabla haijaandikwa. Mimi naona hiyo ni heshima kubwa kuliko kuacha wazi.

Kwenye vituo vya afya jambo hili lina uzito wa aina yake. Anayechungulia skrini ya zahanati si jambazi. Ni jirani, ni shemeji, ni mama wa kikundi cha chama. Hana haja ya kuiba kitu, macho yake tu yanatosha. Akiona jina la msichana wa mtaani kwao na matokeo ya kipimo cha ujauzito au cha virusi vya ukimwi, habari itafika nyumbani kabla ya msichana mwenyewe. Na kosa hilo halirekebishiki. Pesa zikipotea zinaweza kutafutwa, lakini siri ikishatoka hakuna fomu ya kuirudisha. Wengine huacha kabisa kuja kuchukua dawa.

Kifungu cha 31 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya katika kundi la data nyeti. Data ya watu ikifikiwa na asiyeruhusiwa, na kukawa na hatari ya kweli ya wao kudhurika, taasisi inatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ilipojua. Kwa hiyo ukigundua mtu alikaa kwenye mashine yako, usimfichie wala usijifichie. Sema siku hiyo hiyo.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 nayo, katika kifungu cha 14, inamwekea anayeingia kwenye mfumo bila idhini faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Ila kifungu hicho kinazungumzia mtu aliyekiuka hatua za usalama. Sasa, skrini iliyoachwa wazi ina hatua gani ya kukiukwa? Mimi si wakili, lakini nisingependa swali hilo lijibiwe mahakamani kwa mfano wa meza yangu.

Tuje kwenye mikono. Kwa kompyuta zetu nyingi, zinazotumia Windows, bonyezeni pamoja kitufe chenye alama ya dirisha na herufi L. Basi. Kazi yako haipotei, programu zinaendelea, faili ulilokuwa ukichapisha linaendelea kuchapishwa. Ukirudi unaandika nywila na unakuta kila kitu ulivyokiacha. Wanaotumia Mac wabonyeze Control, Command na Q.

Wengi huzima kitufe cha kioo wakidhani wamefunga. Hapana. Huko ni kufunika chungu kwa kitambaa: anayekuja atawasha kioo na kukuta orodha ile ile.

Kwa kuwa sisi ni binadamu na tunasahau, mashine nayo ijifunge yenyewe. Kwenye mipangilio ya kipumzisha skrini, weka muda wa kungoja, kisha weka alama kwenye kisanduku cha kutaka nywila mtu anaporudi. Bila alama hiyo ni mapambo matupu, mtu atagusa kipanya na kuingia. Mezani pa kupokelea wananchi ningeweka dakika 3, ofisi ya ndani 5. Nikikuta 30 nitauliza kwa nini. Windows pia inaweza kujifunga ukiondoka na simu yako, kwa njia ya Bluetooth. Sina imani kubwa nayo kwa ofisi zetu, maana simu nyingi hubaki mezani zikichajiwa.

Msipakue programu za bure za kufunga skrini. Zana ya kufungia imo ndani ya kompyuta tayari, na hujui programu ya kuokota imebeba nini kingine. Wazee wa kazi hii wanakumbuka Windows 98: ilikuomba nywila, nawe ukibonyeza Escape ikakukaribisha ndani. Kufuli nyingine ni picha ya kufuli tu.

Tatizo la kweli ni kompyuta moja ya watu watatu. Mmoja akifunga na kwenda benki, wenzake wamekwama, na ndiyo maana nywila huishia kwenye karatasi chini ya kibodi. Dawa yake si kuacha wazi. Kila mmoja apate akaunti yake kwenye mashine hiyo, na kwenye skrini iliyofungwa mwingine achague jina lake na kuingia. Na kwenu wakubwa mnaomwachia katibu nywila yenu ili "asukume" malipo mkiwa safarini: mifumo ina njia ya kumkaimisha mtu kwa jina lake mwenyewe. Andikeni barua, tutamfungulia.

Kufunga skrini hakumzuii mwizi anayebeba kipakatalishi chote, kwa maana anaweza kutoa diski na kuisoma kwenye mashine nyingine. Kwa hilo diski yenyewe husimbwa, na hiyo ni kazi yetu. Vilevile funga na uchomoe kile kidiski cha USB, usikiache kikining'inia.

Sasa kila mmoja abonyeze vitufe vile viwili kwenye mashine iliyo mbele yake. Kisha afungue kwa nywila yake mwenyewe, si ya jirani. Ambaye skrini yake inamwonyesha jina la afisa aliyehamishwa mwaka jana, ainue mkono. Tutaanza na huyo.