Mkono Unaoonyesha Njia

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mpanda)



Nimeombwa niseme machache juu ya vyombo vipya vinavyovaliwa mwilini ili kumwongoza mtu aendaye kwa miguu. Sina budi kuanza na kosa langu. Nilipokuwa kidato cha pili tulikuwa na mwenzetu asiyeona. Jumamosi moja nilimpeleka sokoni nikimburura kwa mkono, huku nikipaza sauti: "Kushoto! Kulia! Ngoja!" Karibu na stesheni gari moshi likapiga honi, sauti yangu ikamezwa, naye akatumbukia mtaroni. Alipotoka, goti likivuja damu, aliniambia: "Ndugu yangu, niachie masikio yangu. Nipe kiwiko chako." Tangu siku ile alishika kiwiko. Nilipogeuka alijua, niliposhuka alijua, wala sikuhitaji kusema neno.

Hiyo ndiyo siri ya vyombo hivi. Mwaka 2005 watafiti wa Osnabrück, Ujerumani, walieleza majaribio ya mkanda wa kiunoni wenye vitetemeshi vidogo. Kile kilichoelekea kaskazini ndicho kilichotetemeka, hata mvaaji akaijua dira kwa ngozi yake. Mwaka 2017 Mwingereza asiyeona, Simon Wheatcroft, alikimbia marathoni ya New York akiwa na kifaa kilichomwonyesha njia kwa mitetemo mkononi, wenzake wakiwa karibu. Masikio yake yalibaki huru.

Lakini mkanda ujuao kaskazini haujui shimo lililochimbwa jana. Shimo huelezwa na fimbo nyeupe, au na mwenzako.

Wala tusidhani elimu hii ni ya Ulaya peke yake. Wakimbiaji wasioona hushika kamba fupi pamoja na mwongozaji wao. Henry Wanyoike wa Kenya, aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 1995, alishinda mbio za mita 5,000 katika Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000. Mwongozaji wake alipoishiwa nguvu karibu na mwisho, Wanyoike ndiye aliyemkokota hadi mstarini. Kumbe aongozwaye naye huongoza!

Ndugu zangu, mwenzetu yule yuko nasi leo, safu ya mbele. Asubuhi tulipita kati ya bweni na bwalo, na fimbo yake ikagundua mtaro ulio wazi kabla macho yangu hayajauona. Basi kabla ya kuota mikanda ya Ujerumani, tuufunike mtaro huo, na tununue fimbo nyeupe kwa kila mwanafunzi anayeihitaji. Mimi naanza na mifuko 10 ya saruji.

Nanyi vijana, msimburure mwenzenu. Mwulizeni kwanza, kisha mpeni kiwiko.